Kibanio Chekundu Namba Kumi na Nne

9 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Najua barua huanza na hali za watu, lakini mimi nikianza na hali za watu nitaishia hapo hapo, najijua. Kwa hiyo acha niseme kwanza, halafu utaamua kama bado unazitaka salamu zangu. Ni mimi niliyeangusha kamba. Hakuna anayejua. Sasa unajua wewe.

Haya, salamu. Baba hajambo, anakoroma kama mashine ya kusaga. Mama hajambo, ingawa ukimuuliza atakwambia hana muda wa kuumwa. Mimi shuleni nasoma kila kitu kwa lugha ile nyingine, nyumbani naongea hii, na nimegundua kwamba zote mbili hunikimbia nikisimama mbele ya watu zaidi ya watatu. Ndiyo maana naandika. Simu ya nyumbani ni ya Mama na ujumbe wote anausoma. Ukijibu, tumia anwani ya shule.

Zile kamba nane ulizofunga kwenye ukuta wa ofisi yetu ya chumba cha mbele bado zipo, vile vile. Kila kamba mtaa mmoja, chini yake majina ya nyumba uliyoyabandika, na kila kibanio cha nguo, chenye namba yake, ni kifaa ambacho shirika letu limewaazimisha wagonjwa: vyekundu viti vya magurudumu, vya bluu vitanda vya wagonjwa, vya kijani magongo. Mtu akirudisha kifaa, kibanio kinahama. Watu wetu wa kujitolea kumi na tisa wote wanausoma ukuta huo kama saa.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nafuta vumbi. Msumari uling'oka, kamba moja ikaivuta ya chini yake, zikaanguka pamoja, ya mtaa wa soko na ya mtaa wa maseremala. Vibanio ishirini na vitatu vilitawanyika sakafuni. Mama alikuwa uani. Nilipigilia msumari kwa kisigino cha kiatu, nikarudisha vibanio. Ishirini nilikuwa na uhakika navyo. Vitatu nilivipachika kwa kukisia.

Wiki iliyofuata Dereva alitumwa kuchukua kiti namba kumi na nne kwa karani mstaafu wa mtaa wa soko, kwa sababu ndivyo ukuta ulivyosema. Karani akashangaa: "Kiti gani? Si dereva wenu huyu huyu alishakichukua mwaka jana?" Na kweli alikichukua, lakini kilikuwa kingine, namba kumi na moja, na kipo stoo. Nani wa kusikiliza hayo? Kamati ya shirika imesema kiti namba kumi na nne kimeuzwa, na aliyekigusa mwisho ni Dereva. Amesimamishwa. Ufunguo wa gari umetundikwa msumarini kwetu, kila nikipita unanitazama.

Sasa kamati inataka programu ya kompyuta ya kufuatilia vifaa na ratiba za watu, yenye bei tunayoiweza. Wamenipa mimi kazi ya kutafuta mtandaoni kwa kuwa naisoma lugha ile. Nimefurahi, Mama Mdogo. Nikiipata programu nzuri, kiti kitaonekana chenyewe, Dereva atarudi, na mimi sitahitaji kusema kitu.

Nasikia ndara za Mama. Naificha.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nazitaka, na sitaki urudie kuniuliza. Mimi mzima. Magoti yanalalamika ngazini, stoo ya hospitali ina orofa mbili na lifti inafanya kazi siku inazopenda.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Ule mstari kwamba kamba bado zipo nimeusoma mara nne. Zile nilizifunga kwa wiki mbili tu, mpaka tupate kitu cha maana. Ni miaka sita sasa. Mama yako anajua kama unaniandikia? Usijibu hilo.

Kuhusu programu. Hapa kwetu walinunua moja kama nyumba ya vyumba arobaini, na sisi tunaishi katika viwili. Kila mgonjwa akihitaji shuka, ujaze kurasa tatu. Mwezi wa pili wauguzi walirudi kwenye madaftari na kompyuta ikawa pahali pa kuegemeza mkoba. Kwa hiyo usianze na programu. Kaa ofisini siku nzima, andika kila swali ambalo watu wanaliuliza ukuta. "Kitanda kipi kiko huru?" "Nani yuko zamu Alhamisi?" Programu ijibu hayo. Mengine ni mapambo. Uliza pia kama siku mkitaka kuhama mtaondoka na taarifa zenu, maana wengine hukukaribisha sebuleni wakafunga mlango.

Jambo moja zaidi. Daftari langu la stoo lina safu nyingi, ila inayonipa usingizi ni moja, ya mwisho kulia: Sababu. Kitu hakihami rafu bila mtu kuandika kwa nini kimehama, na nani kakihamisha. Tafuta programu yenye safu hiyo.

Kuhusu Dereva sina la kukwambia ambalo hulijui.

Msalimie baba yako. Na wengine.

Mama Mdogo wako


24 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni shuleni mpaka kengele ikanikuta. Baba amenunua mto mpya eti utapunguza kukoroma. Umeongeza.

Nilikaa ofisini siku nzima kama ulivyosema. Maswali yalikuwa kumi na saba, na kumi na moja kati yake ni yale yale yamevaa nguo tofauti. Nilijisikia kama daktari.

Halafu akaja Bwana Tai, muuzaji wa programu. Ndivyo tunavyomwita, kwa sababu alivaa tai yenye kipini kinachong'aa, na akaonyesha programu yake ukutani kwa projekta, juu ya kamba zako, hadi vibanio vikawa vinatoka kwenye grafu kama chunusi. Kweli ilikuwa nzuri. Ina ramani, ina kengele, ina rangi za kila aina. "Miezi mitatu bure kabisa!" akasema, na kamati ikapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wao wa masharti kule chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi. Baada ya miezi mitatu wanatoza kwa kila kichwa kinachoitumia, kila mwezi. Nilijaribu kusema, sauti ikakwama, nikaandika kwenye kikaratasi nikampa Bibi Miwani aliyekaa jirani yangu. Unamkumbuka, yule mshonaji, wa kwanza kujitolea. Akakisoma, akainua mkono.

"Mwanangu mwenye tai, na mimi ni kichwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hawa wote?"

"Ndiyo, kila mtumiaji ana akaunti yake."

"Basi mimi msinihesabu. Nitachungulia kwa jirani."

Watu wakacheka, lakini Mwenyekiti alipiga hesabu pembeni ya ajenda, kisha akavua miwani. Kwa vichwa kumi na tisa, ni mafuta ya gari letu ya mwaka mzima. Angelipa nani? Bwana Tai akasema atarudi na punguzo.

Nimejaribu nyingine nne. Moja haifunguki bila mtandao, na wewe unajua nusu ya mitaa yetu simu hushika ukipanda juu ya ukuta. Moja haifanyi kazi kwenye simu za zamani. Moja ni ya bei nafuu ila haitoi taarifa zako, kama ulivyoonya. Ya nne ni programu huria, watu wameitengeneza pamoja na kuiachia bure. Tutalipia nafasi ya kuihifadhi tu, kidogo mno. Kasoro yake, yote imeandikwa kwa lugha ile nyingine, na wa kujitolea wetu kumi na wawili hawaisomi.

Hii ya nne ina safu yako ya Sababu. Unaweza kuiwasha au kuizima. Nimeizima, inawachelewesha watu.

Ila tatizo kubwa ni Mama. Hataki kusikia. "Kamba hazikatiki umeme," anasema. Mwenyekiti akimwambia nyakati zimebadilika, yeye anainuka kunyoosha vibanio ambavyo havijapinda.

Dereva sasa anaziba pancha za baiskeli pale kona ya shule. Kila asubuhi ananipungia mkono. "Profesa! Kimbia, kengele!" Natamani angeninunia.

Mwanao


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti vile vile.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni ya mama yako. Usiifungue, usiichungulie kwenye taa. Mpe mkononi, si mezani. Najua atakuuliza umeipata wapi, na huo ndio utakuwa mwisho wa anwani ya shule. Nisamehe.

Kichwa cha yule bibi nakinunua hata kwa bei ya Bwana Tai.

Kuhusu lugha: si umesomeshwa mbili? Tatizo uliloniandikia mimi sikuliona.

Unasema ile safu inawachelewesha watu. Watu gani?

Mama Mdogo wako


8 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Baba amerudi kwenye mto wa zamani.

Nilimpa mkononi. Alitazama mwandiko wako, akaitia bahasha mfukoni mwa gauni, akaendelea kumenya viazi. Hakuniuliza nimeipata wapi, na hicho ndicho kilichoniogopesha. Siku tatu hakutaja kamba wala programu. Siku ya nne, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Huyo mdogo wangu kaniandikia kurasa nne, kumbe kalamu anazo." Halafu akapenga makamasi. "Jaribuni hiyo programu yenu."

Sijui umemwandikia nini, na sitauliza.

Nimeitafsiri! Maneno mia tatu na arobaini, kila kitufe, kila onyo. Mchana nikitoka shule nakaa na laptopu ya ofisi mpaka Mama aniite kula. Mahali watengenezaji waliweka neno zito la kitaalamu linalojumlisha watu na vitu, kamusi ikanipa "rasilimali". Bibi Miwani akaona jina lake chini ya Rasilimali, akasema hajawahi kutukanwa vizuri hivyo. Nikabadilisha: "Watu" na "Vifaa". Kwenye kitufe cha kukabidhi nimeandika "Mpe". Cha kurudisha, "Amerudisha". Mwenyekiti alisema haionekani rasmi. Bibi Miwani akamjibu, "Lakini inaonekana."

Yeye ndiye mtihani wangu. Nampa simu, namwambia aiharibu. Siku ya kwanza aliwaazimisha kitanda kimoja watu wawili, akajipangia zamu siku nane za wiki na kufuta mtaa mzima. Nikarekebisha ruhusa za kila mtu. Siku ya tano alibonyeza kila kitu mpaka kidole kikachoka, na programu ikabaki imara. "Haya," akasema, "hii ina adabu."

Mama alitaka tunakili ukuta, tuingize vibanio kama vilivyo, tumalize. Nikasema hapana, twende nyumba kwa nyumba tuhesabu upya. Nilisema "hapana" kwa sauti, Mama Mdogo, mbele ya watu sita.

"Kwa nini?" akauliza. "Ukuta una nini?"

"Ukuta unaweza kukosea."

Nilikuwa na nafasi hapo hapo ya kusema. Nikauliza kama kuna chai.

Tunaanza kuhesabu Jumamosi ijayo, na kamati itakaa kuamua wiki ya tatu ya Juni. Swali lako kuhusu watu gani nimelisoma. Safu nimeiwasha.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya ile "hapana".

Kiti kikipatikana, mtakihamisha kwenye programu kutoka mahali ukuta uliposema hadi mahali kilipo. Programu itauliza sababu. Utaandika nini?

Mimi sababu yangu ya kuondoka nimeiandika, kwa mama yako, na ilinichukua miaka sita. Wewe una wiki tatu. Una bahati.

Mama Mdogo wako


23 Juni

Mama Mdogo, Mama Mdogo!

Shikamoo, Baba hajambo, Mama hajambo, mimi sijambo, sijawahi kuwa hajambo namna hii hata sarufi imenitoroka. Tumeshinda!

Nianze wapi? Kwenye fundi saa. Mtaa wa maseremala, nyumba ya mwisho, kuna fundi saa ambaye miguu yake haina nguvu. Yule wa kujitolea aliyekuwa akimtembelea alihama Desemba, na mimi nilipoondoa kibanio chake Januari, kwa ukuta wetu akawa hana kitu, kwa hiyo hakuna aliyeenda tena. Tulimkuta mlangoni amekaa kwenye kiti namba kumi na nne. Amekitia mafuta hadi magurudumu hayatoi mlio, amefunga mwavuli nyuma na kijidroo cha bisibisi kwenye mkono wa kiti. Bibi Miwani alichuchumaa akasoma namba chini ya kiti, akapiga kelele kama ameokota dhahabu. Fundi akashika magurudumu kwa mikono miwili.

"Mmekuja kukichukua?"

"Tumekuja kukusalimia," Bibi Miwani akasema. "Tumechelewa miezi sita."

Mimi nilisimama barabarani nikilia, nikasingizia vumbi la mbao.

Kamati ilikutana juzi. Bwana Tai naye alikuwepo na punguzo lake: vichwa kumi kwa bei ya vinane. Alionyesha ramani yake tena. Kisha Mwenyekiti akasema, "Haya, binti, tuonyeshe yako." Watu ishirini na wawili, Mama Mdogo.

Mdomo haukufunguka. Nikafungua programu badala yake, ikatokea ukutani, kubwa, kwa maneno yetu. Nikasukuma laptopu kwa Bibi Miwani. Akatafuta kitanda kilicho huru, akampangia mtu zamu ya Alhamisi, akafanya yote kwa kidole kimoja, bila mtandao, na Mwenyekiti akauliza swali ambalo nilishajua ataliuliza kwa sababu lilikuwa la tatu kati ya yale kumi na saba. Programu ikajibu. Vicheko, makofi. Bwana Tai mwenyewe akavuta kiti mbele aone vizuri.

"Na kile kiti kilichopotea?" Mwenyekiti akasema. "Tuone kinavyohamishwa."

Nikairudisha laptopu kwangu. Nilikuwa nimeacha kumbukumbu moja tu ya ukuta wa zamani ndani ya programu, makusudi. Kiti 14, mtaa wa soko, kwa karani. Nikabonyeza "Hamisha". Nikaandika: mtaa wa maseremala, kwa fundi saa. Ikafunguka ile safu yako, nyeupe, na programu ikagoma kuendelea mpaka niijaze.

Vidole vyangu viliandika. Herufi moja moja, ukutani, zikipita juu ya kamba zako, na watu wote wakisoma kadiri zinavyotokea:

"Januari niliangusha kamba mbili nikifuta vumbi. Vibanio vitatu nilivirudisha kwa kukisia. Sikumwambia mtu. Dereva hakuiba. Kosa ni langu."

Nikabonyeza "Hifadhi". Ikatokea chini: jina langu, tarehe, saa.

"Soma," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Umeandika. Sasa soma, tusikie."

Nilisoma. Sauti ilitetemeka mwanzo, kufika kwenye "hakuiba" ikawa imesimama, na "kosa ni langu" nadhani walinisikia hadi uani. Mama alitoka nje ya chumba. Nikajua basi, nimemwaibisha. Akarudi na ufunguo wa gari, akampa Mwenyekiti, na Mwenyekiti akainuka hapo hapo, kikao kikiwa katikati, akavaa kofia. Tukatembea wote hadi kona ya shule, Bwana Tai na tai yake nyuma yetu.

Dereva alikuwa na tairi mapajani. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele za watu, vizuri, bila kuzunguka. Halafu ikawa zamu yangu. Nikamwambia yote. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Profesa," akasema, "miezi mitano nimekonda kwa sababu ya kibanio cha nguo?"

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi ulikuwa unanikimbia, mimi nadhani unawahi kengele."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Nimekasirika," akasema. "Nitakasirika mpaka Ijumaa. Jumatatu utanifundisha hiyo programu, maana nasikia inaandika nani kafanya nini. Hiyo naitaka sana." Akachukua ufunguo, akaubusu, akaniachia mimi tairi nishike mpaka mwenye baiskeli aje. Nililishika saa nzima na mafuta yamegoma kutoka kwenye sketi.

Kamati ilipiga kura: programu yetu, kura zote. Bwana Tai akaniomba tafsiri yangu. Nikamwambia ni huria, aichukue kama wenzake, na vichwa vyote vinaingia bure.

Jioni ile Mama alishusha kamba. Zote nane, yeye mwenyewe, juu ya stuli, hakutaka msaada. Hakunipiga wala hakunifokea. Alisema tu, "Miezi mitano umelala na hilo peke yako?" na akanivuta kichwa tumboni kwake kwa nguvu hadi kifungo cha gauni kikanichora shavuni. Baba alipotaka kutupa vibanio, Mama akamnyang'anya kikapu. "Hivi havitupwi. Mwenyewe atakuja kuvichukua." Kisha akaniuliza, kama anauliza bei ya sabuni, safari ya kutoka huko kwako ni siku ngapi za basi.

Fundi saa tumemwingiza kama mtu wa kujitolea. Yuko zamu kila Alhamisi, anapokea simu akiwa kwenye kiti namba kumi na nne.

Naandika hii kwenye meza ya ofisi. Ukuta ni mtupu, una mashimo kumi na sita ya misumari na mstari mweupe kila palipokuwa na kamba. Ndara za Mama zinakuja, zimepita jikoni, zimefika kwenye korido. Mkono wangu umeshaanza kuvuta kitabu cha jiografia kiifunike karatasi, kwa mazoea tu. Nimeurudisha. Nimesogeza kiti, nimembakizia Mama nusu ukurasa, na kalamu nimeilaza upande wake.